Mhumula wa Shangazi

Kuna siku miguu yangu huamka kabla yangu. Asubuhi hiyo ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimepanga chumba Nyakahanga, karibu na hospitali, nauza uji na maandazi kwa watu wanaouguza ndugu zao, na biashara haikuwa na ubaya wowote. Lakini nilipofungua mlango nikaona ukungu umelala juu ya migomba mpaka ng'ambo ya bonde, nilijua uji hautapikwa. Nilimwachia mwenye nyumba sufuria na jiko la mkaa, nikamwambia natoka kidogo.

"Kidogo cha kwenda wapi?" akauliza.

"Sijui."

"Basi chukua na koti," akasema, maana alishaanza kunijua.

Kama nawe umepewa miguu ya namna hii, rafiki yangu, hutaniuliza sababu. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimefundishwa na njia. Nimeuza dagaa Bukoba, nimelima vibarua karibu na mpaka, nimepika kwenye kambi za wajenga barabara. Kila ninapofika nauliza maswali mpaka watu wananikwepa. Kitu kimoja tu sipendi kuulizwa mimi, nacho ni lini nitarudi nyumbani.

Nilikuwa nimefika barabara kubwa, bado sijaamua kushoto au kulia, Fuso ikapita imebeba magogo ya misindano. Harufu ya utomvu ilinifikia kabla ya vumbi. Unaijua harufu hiyo? Ni kali, ina utamu ndani yake, na inashika puani kama kitu kinachotaka kukumbukwa. Nilitabasamu peke yangu pembeni mwa barabara. Kisha nikayatazama magogo yenyewe, tabasamu likakauka. Yalikuwa membamba kama mkono wa mtu. Hiyo ilikuwa miti ya kuachwa inenepe, siyo ya kupakiwa kwenye gari.

Nilimfuata kijana wa bodaboda aliyekuwa anafuta kiti chake kwa kitambaa.

"Magogo yale yametoka wapi?"

"Igurwa huko."

"Igurwa sehemu gani?"

"Dada, Igurwa ni Igurwa. Unapanda, au unafanya sensa?"

Nikapanda. Mlima wa kwetu uko Igurwa, na juu ya mlima huo kuna misindano.

Nyumba ya bibi ilikuwa chini kabisa ya mlima, mahali kibanja chetu cha migomba kinapoishia na rweya, yaani mbuga ya majani, inapoanza kupanda. Niliishi hapo na bibi na shangazi, mtoto wake wa mwisho, kwa sababu baba na mama walikuwa Mwanza wakitafuta maisha. Zamani, kabla sijazaliwa, wanakijiji walipanda mlima ule wote misindano na mikaratusi, kila kaya ikapewa mstari wake wa kuchimba mashimo. Katikati waliacha korongo moja na miti yake ya asili, maana hapo ndipo chemchemi ilipotokea.

Kazi yangu ilikuwa maji na kuni. Asubuhi nilichota maji kwenye ile chemchemi, baridi yake inauma meno, halafu nikapanda na gunia kukusanya majani makavu ya misindano ya kuwashia moto. Yanawaka haraka, yanatoa mlio kama mafuta kwenye kikaango. Bibi alipika ndizi na maharage, akafunika sufuria kwa majani ya mgomba, na mvuke ulipoanza kunukia majani ya kuchemka, sote tulijua tumesogea karibu na furaha. Yeye mwenyewe alikaa mlangoni mwa jiko akitafuna kahawa kavu, ile inayochemshwa na mitishamba, mashavu yakicheza taratibu. Msimu wa senene tuliamka alfajiri tukawakusanya kwenye majani yenye umande kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Hata leo nikisikia harufu ya senene wanaokaangwa, natafuta bibi yuko wapi.

Ungefikiri utoto wa namna hiyo hauna hofu. Ulikuwa nayo, tena nyingi, na yote ilikuja na mfanyabiashara wa mbao.

Alikuja na gari jeupe, akatembea ndani ya msitu akiipigapiga miti kwa kiganja, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Alitaka mlima wote kwa mkupuo. Miti iangushwe yote, kijiji kipate bati za shule na zahanati, basi. Wengi walipenda. Mikutano ikawa ya kelele. Bibi hakuwa mtu wa mikutano, lakini siku moja alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akauliza: "Mkiuvua mlima nguo, waitu, jamaa zangu, maji ya chemchemi mtayaambia yakajifiche wapi?" Kisha akakaa. Hakuna aliyebadilisha mawazo. Tangu siku hiyo kila nilipochota maji nilipima ndoo kwa macho, nikiogopa kwamba yameanza kupungua.

Ndipo akaja mwalimu wa miti. Alikuwa Mjapani, mtu mzima kidogo, mwembamba, kofia ya manjano kichwani hata anapokunywa chai. Alikuwa amefundishwa Kiswahili huko alikotoka, na alifundishwa heshima zaidi ya maneno, kwa hiyo alimwamkia kila mtu shikamoo, hata sisi watoto. Tulikuwa tunamvizia njiani makusudi. "Shikamoo," anasema, anainama. "Marahaba," tunajibu kwa sauti nzito, halafu tunakimbilia migombani kucheka. Shangazi alipotukamata alitufinya masikio mpaka tukalia.

Alikuja kufundisha vijana kazi ya msitu. Siyo kupanda tu, kupanda kila mtu alijua. Alifundisha kupogoa matawi ya chini mti ungali mdogo, kusafisha njia za kuzuia moto, kuotesha miche kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, na zaidi ya yote, kupunguza: kutembea katikati ya miti na kusema huu ubaki, huu utoke, ili unaobaki upate nafasi. Kwa watu wetu hilo lilikuwa kama kuchagua watoto. Darasa lilikuwa uani kwa bibi, kwa kuwa palikuwa karibu na mlima. Shangazi alikuwa ndani ya darasa, na vijana wa kiume kadhaa, mmoja wao wa familia iliyotoka Burundi, mcheshi, aliyekuwa akilima vibarua kwa jirani yetu.

Mimi nilikaa katikati yao nikiuliza. Siku moja nilimuuliza mwalimu kwa nini ameacha misitu ya kwao akaja kwetu. Hakukasirika. Alisema kijijini kwao milima yote imejaa miti mirefu waliyoipanda wazee, imesimama kwa mistari kama ya kwetu. Wazee waliipanda ili wajukuu waitunze. Wajukuu wakaenda mjini. Sasa miti imebanana, hakuna anayeipunguza, jua haliingii, chini hakuoti kitu, na mvua kubwa ikija udongo unashuka na miti yenyewe. "Hakuna aliyeukata," alisema. "Lakini msitu unaumwa." Ndiyo maana huko kwao wameanza kuwatafuta vijana, kuwafundisha upya, hata wa kutoka mjini wasiojua kushika panga. Wanakuja wachache.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimezoea kuogopa watu wanaokata. Sasa nilikuwa na hofu ya pili, ya watu wanaoondoka.

Wazee wa kijiji waliwatazama vijana wale kwa msimu mzima. Mwishowe wakatoa sharti lao. Kijiji kilihitaji mtumbwi mpya. Siyo wa majini; ni ule mtumbwi wa kukamulia ndizi, gogo moja refu linalochongwa ndani, mnaweka ndizi mbivu na majani makavu, wanaume wanaingia kwa miguu wanakanyaga mpaka juisi ya kutengenezea pombe inatoka. Wa zamani ulikuwa umeoza upande. Korongoni, kati ya miti ile ya asili, ulisimama mhumula mmoja mkubwa, mnyoofu, wa kutosha mtumbwi na ziada, lakini ulikuwa pabaya, kwenye mteremko, na mti wa namna hiyo ukianguka vibaya gogo linapasuka, na gogo lililopasuka halishiki juisi. Wazee wakasema: mmoja wa hao wanafunzi auangushe mhumula. Gogo likibaki zima, mlima tutawapa vijana waukate kwa mpango wao. Likipasuka, tunampigia simu mwenye gari jeupe.

Vijana wa kiume wakaanza kutazama viatu.

"Mbona mmenyamaza?" shangazi akasema. "Jana kila mtu hapa alikuwa fundi."

"Dada, mti ule una mambo," akajibu yule Mrundi. "Mimi nyumbani wananitegemea, siwezi kufa kwa ajili ya pombe ya watu."

"Basi nipeni mimi. Mimi pombe sinywi."

Walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimtazama, akainamisha kichwa, ndivyo alivyokubali mambo.

Siku zilizofuata sikuwa mtoto wa mtu kukaa karibu naye. Nilipanda korongoni kuangalia mti ule umeinamia wapi. Niliurudia tena jioni, kama vile ungebadilisha mawazo. Niliona shangazi amelala chini yake, akichungulia matawi na jicho moja, akisogea, akilala tena. Niliwaza gogo likipasuka, nikawaza mlima mtupu, chemchemi imekauka. Kisha nikawaza lile ambalo sikuthubutu kulisema, mti ukimgeukia yeye. Bibi alinisogezea sahani. "Kula kwanza, mwana wange. Kuogopa utaendelea ukishiba."

Sasa nikueleze kuhusu godoro, kwa sababu hilo lilikuwa letu wenyewe, hakutufundisha mtu. Mwalimu alitaka matawi yalazwe mahali mti utakapoangukia, ulaze mwili wake polepole. Wazee wakasema matawi ya nini, sisi ni watu wa migomba. Kila nyumba ikatoa shina la mgomba lililokwisha kukatwa ndizi. Wanawake wakayabeba mlimani kwa nyimbo, wakayapanga ubavu kwa ubavu, mazito, mabichi, yamejaa maji, safu juu ya safu. Lilipendeza. Mwalimu alilibonyeza kwa kiatu, likamrudisha juu, akafurahi kama mtoto, akalipiga picha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza zaidi, na sisi ndio tulioteleza kwenye maganda na mashina hayo tangu tujue kutembea.

Siku yenyewe kijiji kizima kilikuwa upande wa juu wa korongo, mahali mwalimu alipotuwekea mpaka wa kamba. Bibi alikataa kupanda. Alisema ana maharage ya kuchambua, akabaki chini mlangoni mwa jiko. Shangazi alivaa kofia ya manjano, imemzidi, imefungwa kwa kitambaa. Alikata mdomo wa mti kwanza, upande wa kuangukia, kipande kikatoka safi kama kipande cha tikiti. Kisha akaja na msumeno mrefu wa watu wawili, upande mmoja yeye, upande wa pili yule Mrundi ambaye dakika ya mwisho aliona aibu. Msumeno ulivuta na kusukuma, vumbi la mbao likaanguka juu ya viatu vyao. Wakapiga kabari. Wakavuta tena. Nilikuwa nimeng'ata kola ya gauni langu mpaka imelowa.

Mti ulitoa mlio mdogo, kama mlango. Shangazi akapiga kelele, "Unaanguka!" wakarudi nyuma kama walivyofundishwa. Mhumula ukaenda. Ulienda taratibu mwanzoni, ukivuta anga nzima, halafu kwa haraka, ukalala juu ya godoro kwa mshindo ambao niliusikia tumboni. Maji ya migomba yaliruka juu kama mvua. Haukupasuka. Vigelegele vikapasuka badala yake, watu wakaruka kamba, na mimi nikaanza kulia kwa furaha.

Halafu gogo likatembea.

Lilianza kwa kusogea kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Mashina yale mabichi, yaliyopondwa, yaliyojaa utelezi, yalikuwa chini yake yote, na mteremko ulikuwa mteremko. Vigelegele vikakatika. Mtu akasema tu, "Mawe!" yaani mama wee. Gogo likashika njia, likashuka, likaongeza mwendo, likivunja matawi yake lenyewe, moja kwa moja kuelekea chini, na chini palikuwa na kitalu cha miche, na chini ya kitalu palikuwa na jiko, na mlangoni mwa jiko alikuwa bibi.

Nilikimbia. Shangazi alinipita, kofia imemtoka, anaita mama yake kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Tuliliona gogo likipita kitaluni kama kidole kinachofuta maandishi kwenye vumbi. Tuliona ukuta wa jiko unaingia ndani. Kisha migomba ikatikisika, gogo likasimama.

Bibi tulimkuta upande wa pili wa jiko, kwenye kivuli. Jua lilikuwa limemfuata mlangoni, akalihama. Ungo ulikuwa mapajani, maharage yamejaa vumbi la ukuta. Alitutazama sisi, akatazama kijiji kizima kinachoshuka mbio nyuma yetu.

"Wageni wote hawa," akasema, "na jiko mmelivunja. Mtakula nini?"

Shangazi alikaa chini hapo hapo, akaweka kichwa kwenye ungo.

Mzee aliyekuwa mwenyekiti alilizunguka gogo. Lilikuwa limesimama kwenye tope la kibanja, pua yake katikati ya migomba. Alipapasa, akainama, akapiga kwa fimbo akisikiliza. Tulimngoja. "Ni zima," akasema. Kisha akanyoosha mgongo, akatazama juu mlimani na chini kibanjani. "Tena tulikuwa tunajiuliza nani atalibeba. Binti ametuletea mpaka mlangoni."

Watu walicheka kicheko kile cha waliokuwa wanakaribia kulia. Na hapo hapo, wamesimama kwenye maganda na tope, wazee wakasema mlima ni wa vijana.

Aliyekataa kufurahi ni mwalimu. Alikuwa ameshuka wa mwisho, uso umepauka. Alimwinamia bibi kwanza, muda mrefu. Kisha akawaambia wazee kwamba kosa ni la kwake, yeye ndiye alipaswa kuliona godoro lile lina hatari, na kwamba shangazi hatashika msumeno mpaka kitalu kilichofutwa kiote tena. Wazee walishangaa. "Sisi tumekubali, wewe mwalimu unakataa?" Hakubadilisha. Shangazi alimkasirikia siku nyingi, alimpa chai bila kumtazama. Lakini kila asubuhi niliamka nikakuta ameshatangulia kitaluni, amepiga magoti, anajaza viriba udongo, na mimi nikapiga magoti pembeni yake nikimuuliza maswali.

Kitalu kiliota. Na baada ya hapo, rafiki yangu, ilikuwa miaka mizuri, ingawa hofu haikunitoka, ilibadilisha mahali tu. Mtumbwi ulichongwa, na siku ya kwanza kukanyagwa ndizi watoto tulipewa omuramba, ile juisi tamu kabla haijawa pombe, tukainywa kwenye vikombe vya bati mpaka matumbo yakapiga ngoma. Mlimani ungesikia sauti ikiita "Unaanguka!" na kutoka upande wa pili nyingine inaitikia, halafu mshindo, halafu ndege. Jua lilishuka mpaka chini ya misindano, majani mabichi yakaota, tukachungia mbuzi mahali ambapo zamani palikuwa giza. Wengine walikuja kutoka Rugera kuangalia inavyofanyika. Mwalimu muda wake uliisha, akarudi kwao, aliinama mpaka kwa mbuzi.

Kisha mmoja akaenda Mwanza. Mwingine akavuka kwenda Uganda kwa kazi ya siku chache. Yule Mrundi aliolea Biharamulo. Bibi akafariki. Mimi nilitoka kununua chumvi sokoni, au kitu kama hicho, nikaendelea.

Bodaboda ilinishusha chini ya mlima. Nilisimama nikautazama kwa woga, kama mtu anayefunua bandeji. Mlima ulikuwepo. Ulikuwa umejaa, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Misindano iliyopandwa enzi za shangazi ilikuwa imebanana bega kwa bega, matawi ya chini yamekufa na kushikana, ndani ni giza, chini ni sindano kavu tupu zinazongoja kiberiti cha mtu mmoja mzembe. Pembezoni tu ndipo watu walipokuwa wanajikatia vile vigogo vyembamba vya kuuza nguzo. Chemchemi ilikuwa inatoka, lakini nilikinga kiganja, nikangoja sana kujaa. Kwenye uwanja wa kukamulia ndizi palikuwa na mapipa ya plastiki ya bluu. Hakuna sauti iliyoita kutoka juu.

Jirani wa bibi, mzee sasa, alinitambua kwa mwendo.

"Kaisiki! Binti, wewe uliishia wapi?"

"Shikamoo, mama. Niko tu."

"Marahaba. Uko tu, unaonekana." Alinikagua toka kichwani mpaka kwenye viatu. "Shangazi yako alikaa hapa mpaka akabaki peke yake na msumeno. Mlima haupunguzwi na mtu mmoja. Juzi kikao kimesema, asipoleta watu wa kuufanyia kazi, utolewe wote, uishe. Kakimbilia Kyerwa. Kuna ukumbi amepewa huko, anaita vijana awafundishe. Akipata watu, anarudi nao hapa. Asipopata..." Alikung'uta mikono yake, vumbi la mihogo mikavu aliyokuwa anatwanga likaruka.

Nilimuuliza ni wapi hasa. Akanitajia senta ambayo sikuwahi kulala. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa: kwamba ni mahali sijawahi kulala.

Njia ya Kyerwa ilikuwa na mvua. Nilifika jioni nimelowa, senta ndogo ya maduka ya bati, harufu ya wali wa maharage na mafuta ya taa, watu wasionijua wakipita na miavuli ya majani ya mgomba. Njiani nilikuwa nimehesabu vitu ambavyo havipo tena. Sauti zile mlimani, vikombe vya bati, kahawa ya bibi mashavuni, mtu mgeni anayemwamkia mtoto. Nimegundua kwamba vitu haviondoki vyote siku moja. Kila kimoja kina mtu wake wa mwisho aliyekuwa anakifanya, na mtu huyo akichoka, au akisafiri, hakuna anayepiga kengele.

Gesti ilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo. Mwenyewe, mama mnene mchangamfu, alikuwa anaanika taulo chini ya paa.

"Shikamoo, mama. Kuna chumba?"

"Marahaba. Viko vyote. Umekuja kwa mafunzo?"

"Mafunzo gani?" nikauliza, kama vile sijui.

"Ya misitu. Nimeambiwa nitenge vyumba vya vijana, nimefua mashuka yote, nimeyapiga pasi na mkaa wangu. Gari la Bukoba limepita. La Omurushaka limepita."

"Hakushuka mtu?"

"Ameshuka muuza samaki." Alinipa taulo nijifute. "Namwonea huruma mwalimu wao. Yuko ukumbini hapo nyuma tangu mchana, kapanga viti. Gari likisimama anatoka mlangoni, anaangalia, anarudi ndani. Chai nimempelekea imepoa."

Nilitazama uani. Kulikuwa na mlango wa mbao uliofungwa nusu, na mwanga wa taa ukitoka chini yake. Nilifikiria kwamba asubuhi kuna bodaboda, na kwamba barabara inaendelea mpaka Murongo, mpaka mtoni, na ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine nzima.

Mama wa gesti aliniwekea ufunguo kiganjani, akanitazama vizuri kwenye mwanga.

"Umri wako umesogea kidogo," akasema, "lakini yule hachagui."

Kabla sijamwambia kwamba mimi ni mpita njia tu, alishageukia uani, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti juu ya mvua:

"Mwalimu! Amefika mmoja!"

Nikasimama pale, ufunguo mkononi, nikasikia ndani ya ukumbi kiti kikisukumwa nyuma.